Gari Lisilowahi Kugongwa

Mshonaji alikuwa amelizoea lile gari kama mtu anavyozoea kabati bovu ambalo hakuna wa kulitoa ndani. Tangu mumewe afariki, miaka sita sasa, lilikaa kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, chini ya turubai, na yeye hakuwa na shughuli nalo zaidi ya kuanika vitambaa juu yake siku za jua. Lilikuwa gari la buluu la milango minne, lenye turbo, tundu la kuvuta hewa juu ya boneti, na bawa juu ya buti. Enzi za ujana wao magari ya aina hiyo yalikuwa yamejaa mji mzima. Kila kijana aliyepata kazi ya maana alitafuta lake, akalibadilisha bomba la moshi, akawanyima majirani raha.

Mumewe alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mpole asiyepandisha sauti hata kwa wanafunzi watundu. Ila akishika usukani alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa akisema kwamba iko siku watu watayatafuta magari hayo kwa tochi. Mkewe alikuwa akimcheka. Watatafuta nini, alimuuliza, na wakati yamejaa kila kona?

Basi Jumanne moja asubuhi, akiwa kwenye cherehani anamalizia sare za shule, akabishiwa hodi na mwanamume wa makamo aliyevaa viatu safi mno kwa mtaa ule. Alijitambulisha kuwa mkusanyaji wa magari ya zamani. Alikuwa amesikia kwa muuza vipuri kwamba nyuma ya nyumba hii kuna gari la turbo ambalo halijachezewa. Akaomba alione. Turubai lilipoondolewa alilizunguka mara mbili, kisha akataja bei.

Mshonaji alidhani amesikia vibaya. Akamwomba arudie, naye akarudia ileile. Ilikuwa bei ya kununua kile kiwanja cha jirani na kujenga vyumba vitatu juu yake.

Mkusanyaji akamweleza bila haraka. Ni kweli, alisema, yalitengenezwa kwa maelfu, na hiyo ndiyo sababu hakuna aliyehangaika kuyatunza. Mengine yaliishia kwenye nguzo za umeme na mitaroni. Mengine yalikatwa ili injini zake zitiwe kwenye magari mengine. Yaliyobaki yalibadilishwa mpaka hayajulikani. Leo vijana wa wakati ule ni watu wazima wenye uwezo, wanataka kurudia ujana wao, na mazima hayapatikani.

"Ila nina sharti moja," alisema. "Liwe halijawahi kugongwa wala kuungwaungwa. Likiwa limeungwa, basi ni gari kuukuu tu kama mengine."

Mshonaji akamwapia. Marehemu, alimwambia, alikuwa akiliosha gari hili kuliko alivyomwosha mtoto wao. Wakaagana mgeni arudi Alhamisi kulikagua.

Siku mbili hizo hakushona vizuri. Aliweka mikono ya shati kinyume mara mbili, akafumua. Alimpigia simu binti yao, muuguzi wa hospitali ya mji wa pili, wakacheka mpaka machozi, kwamba baba alikuwa sahihi na sisi tulimwona amechanganyikiwa.

Alhamisi mgeni alikuja na kifaa kidogo kama simu, cha kupima unene wa rangi. Alikigusisha kwenye buti, kwenye milango ya nyuma, kwenye paa, kila mahali akitikisa kichwa kwa kuridhika. Alipofika mlango wa mbele, upande wa abiria, akasimama. Akapima tena. Akapima madigadi, akapima nguzo ya kioo. Kisha akaomba ruhusa, akapiga magoti, akafunua zulia la ndani. Mshonaji alimwona akipitisha kidole sakafuni, kutoka upande mmoja hadi wa pili.

"Mama, njoo uone," alisema.

Palikuwa na mstari wa kuchomelea, umesawazishwa vizuri na kupakwa rangi, lakini ukishaonyeshwa huwezi tena kutouona. Mkusanyaji akamwambia, kwa upole, kwamba haya ni magari mawili. Nusu ya nyuma ni ya gari moja, nusu ya mbele imekatwa kwenye gari jingine la aina hiyohiyo, na fundi aliyeyaunganisha alikuwa hodari sana.

Mshonaji alibisha. Alisema haiwezekani, kwamba gari hili halijawahi kupata hata mkwaruzo, kwamba katika miaka yote hiyo halikushikwa na fundi mwingine ila kaka yake wa tumbo moja. Aliposikia maneno yake mwenyewe, akakoma.

Kaka yake huyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Nyundo, alikuwa fundi wa bodi na gereji yake ilikuwa mtaa wa pili. Alipopigiwa simu alikuja mara moja, akidhani anaitwa kwa habari ya kutu. Alipoona zulia limefunuliwa alikaa kwenye ngazi ya jikoni, akaanza kujifuta mikono isiyo na grisi. Akamwomba mgeni awaachie nafasi. Mgeni akatoka nje barabarani.

"Ni mimi niliyeliunga," Nyundo alisema. "Shemeji aligonga lori lililosimama. Upande wa mbele ulikwisha wote, injini tu ikapona."

"Lini?"

"Ulipokwenda kwenye yale mafunzo ya ushonaji. Wiki mbili zile."

Mshonaji hakuhitaji kuhesabu. Wiki mbili zile hakuzisahau hata siku moja. Alirudi akamkuta binti yake, wakati huo ana miaka minne, na plasta tangu kwapani mpaka vidoleni. Mkono ule wa kushoto haukunyooka sawasawa hadi leo. Aliambiwa kwamba mtoto alianguka kwenye ngazi za nyumbani kwa bibi yake, mzaa baba, bibi akiwa kwa jirani anapiga soga. Na gari aliambiwa liko kwa Nyundo, gia zimesumbua.

"Mtoto alikuwamo," alisema. Hakuwa anauliza.

Nyundo aliitikia kwa kichwa. Mtoto alikuwa kiti cha mbele, bila mkanda. Ilikuwa bahati kwamba uliumia mkono tu. Shemeji alikuja gerejini na damu ya mtoto kwenye shati, akasema dada yako akijua ataondoka, na safari hii hatarudi. Maana miezi michache kabla mshonaji alikuwa ameshafungasha virago kwa sababu ya mwendo wa gari lile, na mumewe akamwapia kwa kichwa cha mtoto kwamba ameacha.

"Na mama mkwe?"

"Yeye alisema atabeba lawama. Alisema mama mkwe kuchukiwa ni jambo la kawaida, ila ndoa ikivunjika mtoto atapata tabu."

Mshonaji alibaki amesimama, mkono juu ya paa la gari. Kwa miaka ishirini na mmoja hakuwahi kumwacha mtoto na yule mama, hata kwa saa moja. Chakula alichokileta kiligawiwa kwa majirani. Watu walipomsifia mkwe wake, yeye alisema kwa sauti waulizeni wajukuu zake. Hata siku ya msiba wa mumewe walikaa mkeka mmoja, mmoja huku na mwingine kule, na yule mama aliyekuwa akimzika mwanawe hakupata hata pole kutoka kwake.

Alimwambia kaka yake aende zake. Hakumgombeza. Kisha akavua tepu ya kupimia iliyokuwa shingoni, akatoka kwa miguu.

Alimkuta mama mkwe mezani, miwani puani, akipanga vidonge vyake vya wiki kwenye kijisanduku chenye vyumba saba. Alishtuka kumwona mlangoni. Mshonaji alisahau hata kuamkia.

"Mama, nimeambiwa habari ya gari," alisema.

Bibi kizee akaweka kidonge alichoshika kwenye chumba cha Ijumaa, akafunga kifuniko. Akamwambia akae. Mshonaji hakukaa. Alimuuliza kwa nini hakusema, basi hata baada ya mwanawe kufariki, alipokuwa hana tena wa kumlinda.

"Ulikuwa unamlilia kila siku," mama mkwe alijibu. "Nikusaidie nini, nikuongezee na hasira? Mimi ulikuwa umeshanizoea."

Hapo ndipo mshonaji alipokaa. Alianza kuomba radhi, hakumaliza. Alilia kwa kwikwi, na yule mama akamsogezea kitambaa cha mezani kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu.

Jioni alimpigia binti yake. Alimweleza polepole, akiogopa.

"Mimi nakumbuka vioo, mama," binti alisema. "Vioo mapajani, na baba ananiita. Miaka yote nilidhani ni ndoto."

Mkusanyaji alirudi Jumamosi. Mshonaji alimsimulia kila kitu bila kuficha, hata yale yasiyomhusu, na mgeni akasikiliza akiwa amekunja mikono nyuma. Alisema namba ya injini inaonyesha ndiyo ya asili, na nusu ya nyuma ni safi, kwa hiyo atalichukua, ila kwa sehemu ndogo ya ile bei ya kwanza. Mshonaji hakubishana. Alilisindikiza kwa macho likivutwa juu ya gari la mizigo, akashangaa kwamba hasikii uchungu wowote juu ya kiwanja wala vyumba vitatu.

Kilichobaki kumsumbua ni kingine. Binti alikuja wiki iliyofuata, wakaenda pamoja kwa bibi, na tangu hapo mshonaji huenda kila Jumapili, ingawa bado hawajui sana la kuzungumza. Nyundo alimsamehe baada ya mwezi, kwa kuwa yupo, anaweza kununiwa na kusamehewa. Lakini mumewe hayupo. Mara nyingi, katikati ya kushona, mshonaji husimamisha mguu kwenye cherehani kwa sababu amepata neno kali la kumwambia, neno linalofaa hasa, na hana wa kumwambia.