Boksi la Mtoto wa Meza

Koplo alikuwa amestaafu jeshi siku nyingi, lakini jeshi lilikuwa bado halijamstaafu yeye. Dukani kwake aliuza saruji, misumari na mabati, na mifuko ya saruji ilisimama kwa mistari kama inasubiri kukaguliwa. Kila mwisho wa mwezi aliisogeza pembeni, akalaza mlango usio na mnunuzi juu ya mapipa mawili, na hiyo ndiyo ikawa meza. Wanawake wenye watu wao waliokwenda kulinda amani nchi za mbali walikuja na mifuko yao, wakaizunguka meza ile, wakafunga maboksi ya kuwapelekea.

Meza ilikuwa na sheria zake. Chupa ya kioo haisafiri. Sabuni haikai na biskuti.

"Sabuni na biskuti ni kama wake wenza," Koplo alikuwa akisema. "Ukiwaweka chumba kimoja, atakayeumwa tumbo ni mume."

Na sheria iliyowauma zaidi ilikuwa hii: mama hafungi boksi la mwanawe. Koplo alikwisha kuona mengi. Mama akiachiwa boksi la mwanawe hushindilia mpaka likapasuka, au huliinamia akalia mpaka karatasi ngumu ikalegea. Kwa hiyo kila mmoja alimpa mwenzake vitu vyake, akafungiwa. "Kinyozi hajinyoi," Koplo alisema, na aliyetaka kubisha alionyeshwa mlango, ule mwingine, uliokuwa na bawaba.

Kabla ya kufunga kazi, kila mwanamke alimega kidogo katika vitu vyake akatia kwenye boksi moja la ziada. Hilo liliandikwa tu, "Kwa asiyeletewa barua." Kila kambi ina mtu kama huyo, ambaye foleni ya barua ikipangwa yeye hujifanya anafunga kamba za buti. Hawakumjua, lakini walimpa jina: mtoto wa meza.

"Mtoto huyu ana mama tele na hajapiga simu hata siku moja," mmoja alisema.

"Amemfuata baba yake," akajibu mwingine, jicho kwa Koplo, na meza nzima ikaangua kicheko.

Mama Sweta hakuwa msemaji mezani. Jina lile alilipata kwa kazi yake ya kufuma sweta za wanafunzi kwa mashine iliyojaza nusu ya sebule. Lakini soksi za mwanawe hakuzifuma kwa mashine. Alizifuma kwa mkono, kwa sindano za chuma zilizokuwa za mama yake, kwa sababu mashine ilijua kufuma jozi, na mwanawe hakuwa na miguu ya jozi.

Kijana huyo, mrefu mpaka mtaa ukamwita Mlingoti, alizaliwa na mguu wa kushoto uliozidi wa kulia kwa upana wa kidole. Haukumzuia kutembea wala kukimbia. Ulimzuia tu kununua viatu kwa furaha. Yeye mwenyewe aliugeuza mzaha. "Wa kushoto ni kaka mtu," alisema alipoingia jeshini. "Ndiyo maana kwenye gwaride anatangulia." Basi mama yake alifuma soksi moja kubwa na moja ndogo, na ile kubwa aliipitisha uzi mwekundu ukingoni, ili mwanawe asihangaike kuibahatisha gizani.

Vitu vyake mezani vilifungwa na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, msusi aliyekaa nyumba ya pili. Wifi alikuwa na mikono miepesi na mdomo mwepesi zaidi. Siku alipofunga boksi la mwisho alikuwa akisimulia habari za mteja aliyesinzia katikati ya kusukwa, akaota anagombana na mumewe, akaamka akamzaba kofi msusi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama Sweta naye alicheka.

Boksi lilikuwa bado njiani habari zilipofika. Si risasi. Gari walilopanda yeye na wenzake lilipinduka kwenye korongo, na Mlingoti hakutoka. Mwenyewe alirudi kwa ndege, amefunikwa bendera, akazikwa kando ya baba yake. Boksi lilikuwa bado linakwenda, halijui kwamba huko liendako hakuna mtu.

Mama Sweta alijua kwamba siku moja litarudi. Kifurushi cha aliyefariki hurudishwa kwao, ndiyo kanuni. Wengine waliiogopa siku hiyo kwa niaba yake. Yeye, hakumwambia mtu, alikuwa anaingoja. Jeshi lilimletea sare za mwanawe zimepigwa pasi, mkanda, saa na kitana. Alivigusa kimoja kimoja asimpate. Shati ni la mtu yeyote mrefu. Saa ni ya mtu yeyote mwenye mkono. Lakini zile soksi, duniani kote, zilikuwa na miguu ya mtu mmoja tu.

Koplo alilileta boksi mwenyewe, amelishika kwa mikono miwili kama anabeba maji yaliyojaa. Wifi alikuwapo. Mama Sweta alikata gundi kwa mkasi wa kazi, akatoa kitu baada ya kitu: dawa ya meno, wembe, karanga, biskuti, sabuni upande wake, barua yake mwenyewe ikiwa bado imefungwa. Akafika chini. Akaligeuza boksi, akalipiga kitako.

"Soksi ziko wapi?"

"Nilizitia, wifi," msusi alisema. "Wallahi nilizitia."

"Ulizitia wapi?"

Wifi aliliinamia boksi, akapapasa ndani yake kila kona.

"Nakuuliza, ulizitia wapi? Boksi halijafunguliwa. Gundi ni ile ile." Sauti ya Mama Sweta haikupanda, na hiyo ndiyo iliyotisha. "Ulikuwa unapiga porojo. Mdomo wako ndio uliofunga boksi, si mikono. Nilikupa kitu kimoja cha mwanangu ukishike, kimoja tu."

"Na mimi ni shangazi yake," wifi alisema polepole. "Na mimi nimezika." Akachukua khanga yake, akatoka.

Tangu hapo ukuta uliokuwa kati ya nyumba zao ukawa ukuta kweli. Jioni wifi hakuja tena kukaa kwenye kigoda kando ya mashine. Mashine nayo ilinyamaza. Sweta za wanafunzi zililala bila mikono, na mezani kwa Koplo nafasi mbili zikabaki wazi. Watu walisema wape muda. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na muda haukuwa na kazi nyingine ila kupita.

Ndipo ikaja barua dukani kwa Koplo. Koplo aliisoma amesimama, akaketi juu ya mfuko wa saruji, akaisoma tena. Halafu akafunga duka mchana kweupe na kuwaita wote wawili. Walifika, wakakaa mbali mbali, mmoja upande wa misumari, mwingine upande wa mabati. Alimpa Mama Sweta barua. "Soma kwa sauti, dada. Inawahusu nyote."

Mama Sweta akasoma.

"Shikamooni wote mliotuma boksi. Mimi nimelelewa kwenye kituo cha watoto, na tangu nije huku sikuwahi kuitwa kwenye foleni ya barua. Nilipoitwa nikadhani nina kosa. Biskuti zimekwisha siku ile ile, msiniulize. Ninawaandikia hasa kwa ajili ya soksi. Sijui kazifuma nani. Kama ni bibi mzee, tafadhali msimwambie hili: moja ni kubwa. Wenzangu wanasema fundi alipiga chafya. Ile ndogo inanikaa kama ngozi. Ile kubwa, yenye uzi mwekundu, naikunja mbele ya vidole ndipo navaa buti. Inanisugua kidogo, lakini siivui, kwa sababu huku usiku baridi inauma, na kwa sababu sijapata kuvaa kitu kilichofumwa kwa mkono wa mtu. Sajini ameuliza uzi mwekundu ni cheo gani. Nimemwambia sijui, lakini nadhani namzidi yeye."

Hakuna aliyecheka, ingawa Koplo alijikuna kidevu kwa nguvu.

"Yalikuwa sambamba," wifi alisema. "Boksi la mtoto wetu na la mtoto wa meza. Hapa na hapa." Aliweka viganja vyake hewani, kama maboksi bado yapo. "Nilikuwa nasimulia lile kofi. Nilikuwa nacheka, wifi. Nilizitia huku nacheka." Akajifunika uso kwa khanga.

Mama Sweta alikuwa anaikunja barua na kuikunjua.

"Nitamwandikia mkubwa wake," Koplo alisema. "Zitarudi zote mbili. Ni haki yako, na kijana akielezwa atazivua bila kinyongo. Wewe sema tu."

"Nipe siku mbili tatu," alijibu, akaenda nyumbani na barua.

Alizitaka. Asingemdanganya Mungu, alizitaka zote mbili, azilaze mapajani na kuingiza mkono mahali palipokuwa pa mguu. Nusu saa nzima alikuwa akiandika jibu kichwani: rudisha. Lakini kila alipolifikia neno hilo, lingine lilimjia mbele: inanisugua. Mwanawe alipata kumwambia kwamba askari si bunduki, askari ni miguu. Mguu ukichubuka, mtu mzima hana kazi. Na sasa kulikuwa na kijana wa watu gizani, anaikunja ile nafasi ya ziada mbele ya vidole vyake. Aliiwazia ile nafasi. Upana wa kidole, basi. Hiyo iliyokuwa ikikunjwa ndiyo ilikuwa mwanawe. Iliyobaki ilikuwa soksi tu.

Akafungua kabati akatoa shada la uzi wa kijivu.

Shada la uzi halikunjwi na mtu mmoja. Linataka mikono miwili ya kulishika na miwili ya kuviringa donge, na mikono iliyozoea kumshikia ilikuwa nyumba ya pili. Mama Sweta alisimama mlangoni kwa wifi yake na shada begani. Wifi alikuwa anasuka mteja.

"Nishikie uzi," Mama Sweta alisema.

Wifi alimwacha mteja na kichwa nusu, akafuta mafuta mikononi, akainyoosha mbele kama anayesubiri kufungwa pingu. Uzi ukaanza kuzunguka. Waliviringa mpaka yule mteja akauliza, "Na mimi nirudi lini, kesho?"

"Wewe tulia," wifi alisema, pua imeziba. "Usije ukasinzia ukanizaba kofi."

Mama Sweta alicheka. Kicheko kilimtoka kwa mkwaruzo, kama mlango wa chumba kilichofungwa siku nyingi.

Hakuhitaji kipimo. Kama soksi ndogo ilimkaa kijana yule kama ngozi, basi alihitaji ndogo nyingine, na ndogo ile vidole vyake viliijua usingizini. Alipomaliza aliandika:

"Mwanangu, fundi hakupiga chafya. Hizo soksi zilifumwa kwa mtu mwenye mguu mmoja mkubwa, na mtu huyo ametangulia. Zilikufikia kwa makosa, lakini sioni tena kama ni makosa. Ile ndogo kaa nayo. Nakuletea mwenzake, sasa una jozi. Ile yenye uzi mwekundu naomba unirudishie. Usiifue kwa maji moto."

Mwisho wa mwezi alikwenda mezani. Wanawake walimsogezea nafasi yake bila kelele. Boksi la mtoto wa meza lilipokuja mbele yake, alitoa soksi ile, akainyoosha, akataka kuitia mwenyewe.

Koplo aligonga meza kwa kifundo cha kidole.

"Sheria, dada. Mama hafungi boksi la mwanawe."

Mama Sweta alimtazama. Kisha akaipitisha soksi upande wa pili wa meza, mkononi mwa wifi yake. Wifi aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama, akalitazama boksi, akasoma maandishi yake kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza, ndipo akaitia. Siku hiyo hakusimulia hadithi yoyote mpaka gundi ilipokauka.

Soksi yenye uzi mwekundu ilirudi mvua zilipoanza. Ilikuwa imefuliwa, imekunjwa vizuri, imepungua rangi. Kisigino kilikuwa kimetoboka, na kijana mwenyewe alikishona kwa uzi mnene wa kijani, mafundo makubwa makubwa, mshono umekwenda kombo.

"Ee, huyu naye!" wifi alisema kutoka kigodani. "Lete mkasi tufumue, ukishone vizuri."

Mama Sweta aliingiza mkono ndani ya soksi mpaka vidole vikafika mbele kabisa. Alivichezesha kidogo hapo. Kisha akapapasa yale mafundo ya kijani, moja moja.

"Acha," alisema. "Ndivyo watoto wanavyoshona."