Bamba la Mdogo Mtu

Jukwaa la mbao lilivunjika, ndugu wawili maseremala wakaanguka, na kila mmoja akavunjika mfupa wa paja, palepale kwenye shingo ya mfupa, karibu na nyonga. Fundi, kaka mtu, alikuwa na dua moja tu: arudi kupanda mapaa. Mpaka hapo hakuwa na neno na mtu. Maneno yalianza picha za eksirei zilipokuja.

Yeye kafungwa skrubu tatu, basi. Mdogo mtu kafungwa skrubu moja nene, tena na bamba la chuma limelala ubavuni mwa mfupa.

"Mbona mwenzangu kapewa bamba?" akamuuliza daktari.

"Nyinyi bado vijana, tunataka kuokoa mfupa wenu wenyewe. Njia ni hizo mbili. Ipi bora, bado tunachunguza, na mlikubali tuwapangie kwa kura. La muhimu, miezi mitatu usiukanyagie mguu huo."

Kura! Fundi akasonya. Miaka ishirini anafunga makabati, leo aambiwe skrubu tupu na bamba ni mamoja? Na bamba lenyewe, lo, limekwenda kwa kitinda mimba, yuleyule aliyerithi jina la babu na randa ya marehemu baba! Wivu ukamshika. Kila alipomwona mdogo wake akijigeuza kitandani alitamani, Mungu amsamehe, lile bamba lilegee.

"Kaka, tubadilishane basi," mdogo mtu akamtania. "Wewe una vijitundu, mimi nimepasuliwa kama samaki."

"Nyamaza wewe! Aliyeshiba hamjui mwenye njaa."

Wakarudi nyumbani kwa mama yao. Wiki ya sita mdogo mtu akatoka sebuleni hadi mlangoni kwa magongo, mguu juu, mama akapiga vigelegele. Vigelegele hivyo vikamwasha Fundi roho. Karakanani kwao kiti hakimfikii mteja kabla fundi mwenyewe hajakikalia kwa uzito wote, mara tatu. Kikilia, kinarudi mezani.

Mama alipoingia jikoni, Fundi akaegemeza magongo ukutani, akausimamia mguu mbovu. Mara ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. "Si nilijua umeshika!" akajisemea. Ya tatu, nyonga ikalia.

Picha mpya ikaonyesha skrubu zimerudi nyuma na kichwa cha mfupa kimeinama.

"Mfupa si mbao, Fundi," daktari akasema taratibu. "Skrubu zinaushikilia tu, wenyewe ndio unaojiunga. Sasa itabidi tuweke nyonga ya bandia. Na mapaa, usahau."

Hata hapo, alichouliza ni hiki: "Na wa mdogo wangu?"

"Umeanza kuunga, ila polepole." Daktari akainua kwenye mwanga picha ya Jumatatu iliyopita, iliyopigwa kabla nyonga haijalia. "Huu hapa ni wako. Ulikuwa umemtangulia."

Mdogo mtu alikuwa mlangoni juu ya magongo yake, analia waziwazi. Fundi hakumtazama. Alikuwa anaitazama ile picha ya Jumatatu, na wivu aliouona safari hii ulikuwa wa kumwonea mwenye mfupa ule.