Watoto Walipokuwa Angani

Nilimkataza mume wangu asiimbe. "Xaureme, kifua hicho hakifai. Mwachie mwingine." Akacheka. "Mama Hakaima, wivu tu huo." Mkaidi yule!

Yeye ndiye mwimbaji wetu. Kila mwaka, kabla hatujaonja boga wala hindi bichi, hupiga ngoma na kuwarusha watoto kwa wimbo hadi Wirikuta, jangwa la mababu, kisha huwarudisha. Miili hubaki uani ikitikisa vibuyu. Roho ndizo zinazoruka. Mjukuu wangu Utiama alikuwa miongoni mwao.

Asubuhi wimbo ulikwenda vizuri. Mchana watoto walikuwa wameanza kurudi, Xaureme akitaja mlima baada ya mlima, waitikiaji wake wawili wakirudia. Ghafla akakohoa, akaanguka kando ya ngoma.

Vibuyu vyote vikanyamaza. Utiama alikuwa amekodoa macho, hanioni. "Utiama!" Wapi! Jamani, niliogopa!

"Imbeni!" niliwafokea waitikiaji.

Matsiwa, mkubwa wao, akarudi nyuma. "Shangazi, sisi kazi yetu kuitikia tu. Asiyemaliza nadhiri ya safari za jangwani akitangulia kuimba, wimbo unamuua."

"Kwa hiyo watoto wabaki huko?"

Na mimi nadhiri sikuimaliza. Kila nilipojiandaa kusafiri, nilikuwa na mimba.

Xaureme alikuwa anakoroma vibaya, kanishika sketi. Nikambandua vidole, kimoja kimoja, nikakaa kwenye ngoma. Nimelala miaka yote na mtu anayeimba hata usingizini, njia naijua. Nikataja mlima alioishia. Sauti ilitoka nyembamba, inatetemeka. Waitikiaji kimya.

"Itikieni, kondoo nyie!"

Wakaitikia.

Mlima, chemchemi, mlima tena. Jasho lilinitoka, ulimi ukawa mzito, nikajua nakufa. Sikuthubutu kugeuka kumtazama mume wangu, nisije nikapotea njia. Nilipoutaja ua wetu, kibuyu kimoja kikalia, halafu vyote.

"Bibi, nina njaa," Utiama akasema. Nikaangua kilio.

Ndipo nikageuka. Xaureme alikuwa kimya, mdomo wazi. Matsiwa alimgusa shingoni, akavua kofia.

"Usiache kupiga, shangazi," alininong'oneza. "Mwite na yeye arudi."

Mikono yangu ilikuwa bado juu ya ngoma. Niliyoijua ni njia ya watoto tu.