Kwa Vichwa vya Treni, Bonyeza Moja

Duka la vitreni vya kuchezea la Bi Irmgard Pfleiderer lilikuwa mjini Esslingen, Ujerumani, kwenye kichochoro kinachopanda kwenda kanisani, na kati ya wateja wake wote hakuna aliyemkera kama Bwana Stotz. Mzee huyo alikuwa na bucha kabla ya kustaafu, na mfuko wake haukuwa mtupu. Ila mkono ndio ulikuwa wa birika.

Kila Jumamosi alikuja akaomba kichwa cha treni kitolewe kabatini. Alikigeuzageuza, akataka kiendeshwe kwenye reli ya majaribio, akauliza maswali mpaka kahawa ya Bi Irmgard ikapoa. Mwishowe alipiga picha ya bei, akasema, "Nitafikiria," akaenda nyumbani kukiagiza mtandaoni. Wala hakuona haya kulisema.

Basi Jumamosi moja akaingia na boksi kwapani. Ndani mlikuwa na kichwa cha treni ya mvuke, kipya, kinang'aa.

"Kimegoma," akasema. "Taa zinawaka, magurudumu hayaendi."

"Umekinunua wapi?"

"Si huko mtandaoni. Nimewapigia wiki nzima, hapokei binadamu. Nikasema nije kwako, mama."

Bi Irmgard alimtazama Bi Kübler, jirani yake, aliyekuwa akichagua uzio wa kituo chake kidogo cha vitreni. Kisha akaweka kikombe chini, akanyoosha shingo, akazungumza kwa sauti bapa kama ya mashine.

"Karibu huduma kwa wateja. Simu yako ni muhimu kwetu. Kwa vichwa vya treni, bonyeza moja. Kwa mabehewa, bonyeza mbili. Kwa kuuliza bei na kwenda zako, bonyeza tatu."

"Acha utani, mama."

"Samahani, hatujakusikia."

Stotz akageuka kutafuta msaada. Bi Kübler alikuwa ameinamia uzio, mabega yakimtikisika. Mzee akagonga kaunta kwa kidole, mara moja.

"Wahudumu wetu wote wana wateja. Tafadhali subiri."

Bi Irmgard akaanza kuvuma wimbo kwa pua huku akimweleza Bi Kübler habari za uzio, pole pole, ubao baada ya ubao. Kila Stotz alipofungua mdomo aliambiwa, "Bado upo kwenye foleni," na wimbo ukaanza upya.

Uvumilivu ukamwisha. "Hii ni dharau. Kwenye bucha yangu mteja hakuwahi kufanyiwa hivi."

Hapo Bi Irmgard akarudia sauti yake mwenyewe. "Bucha yako naikumbuka. Nawakumbuka na wale waliokuja kuonja soseji zako, kisha wakaenda kununua supamaketi. Ulikuwa ukiwaitaje?"



"Inzi," akasema Bi Kübler. "Mimi mwenyewe aliniita hivyo, mbele za watu."

Mzee alibadilika rangi mpaka masikioni. Alitaka kukasirika, ikaonekana wazi kwamba alitaka, lakini kicheko kilimtoroka, kidogo kwanza, kisha kikamshinda kabisa. Alipofuta machozi akagonga kaunta tena.

"Nimebonyeza. Naomba binadamu."

Bi Irmgard akachukua bisibisi ndogo, akakifungua kile kichwa cha treni. Kipande cha sponji ya boksi kilikuwa kimenasa kwenye meno ya gia. Akakitoa kwa kibano, akakiweka kichwa relini, nacho kikaondoka taratibu kama kilikuwa kikimngoja yeye. Malipo alikataa.

Stotz hakugeuka mkarimu kwa usiku mmoja. Jumamosi iliyofuata alikuja kununua behewa la abiria, akabishania bei mpaka Bi Irmgard akachoka kukataa, akampunguzia kidogo. Akalipa, akalikumbatia boksi lake. Mlangoni akasimama.

"Mtandaoni ni rahisi kuliko hapa, ujue."

"Najua, Bwana Stotz. Jumapili njema."

"Na kwako, mama."