Sharti la Pili

Saa nne asubuhi, chai ikiwa bado inafuka mvuke, fundi wa kompyuta katika ofisi ya usajili wa watu aliandika amri ya kuwahamishia marehemu kwenye orodha ya waliokufa. Masharti yalikuwa mawili: mtu awe amepita miaka mia, na asiwe ameonekana ofisini kwa miaka kumi. Katikati ya masharti hayo, fundi aliweka "au". Kwa hiyo sharti moja tu lilitosha kumfisha mtu.

Kompyuta ilimuuliza kwa adabu: ithibitishe, au irudishe kila kitu kama kilivyokuwa? Majina elfu arobaini yalikuwa yameguswa. Fundi aliona idadi hiyo inaonyesha bidii. Akathibitisha. Kilichothibitishwa hakirudi.

Jioni alimkuta mama yake, mwenye miaka sitini na miwili na magoti mabovu, amekaa kitini. Kalenda ya ukutani ilisomeka vizuri kupitia kifua chake.

"Mama, umeanza lini hivi?"

"Saa nne, baba. Nilikuwa nakunja nguo. Chai nayo inapita moja kwa moja, tazama mto ulivyoloa."

Fundi akaufuta mto.

"Ofisini kwetu ulikwenda lini mara ya mwisho?"

"Na magoti haya? Si wewe uliyesema nisijisumbue, una watu wako?"

Hilo lilikuwa kweli. Akachungulia dirishani. Jirani yao, fundi viatu, alikuwa ameshafutika hadi kiunoni.

Asubuhi mwana alimbeba mama yake mgongoni, mwepesi kama shuka, hadi kwa mkuu wa ofisi. Mkuu alifungua kanuni za marekebisho.

"Mwombaji awe amekuja mwenyewe, na awe hai kwenye orodha."

"Amekuja mwenyewe, bosi."

"Hilo moja. La pili?"

Mkuu akamgeuzia fundi ukurasa.

"Kanuni hii aliiandika nani?"

"Mimi, bosi. Mwaka jana."

"Basi hongera. Hapa 'na' umeiweka mahali pake."

Mama akampapasa mwanawe shavuni. Fundi hakuhisi kitu.

"Si haba, mwanangu," alisema mama. "Walau moja umepata."

Mama akaelekezwa kwenye foleni ya waliofutika, wa kwanza kabisa, asubiri kanuni ibadilike. Fundi alipandishwa cheo kwa kasi yake ya kazi, akapewa meza ya karibu na dirisha. Foleni ilisimama mbele ya dirisha lile siku nzima, lakini mwanga haukuzuiwa na mtu.