Machela ya Wajane

Kabla Tobia hajawa mwenyekiti, chama cha machela cha kijiji kile cha juu ya Soni kilikuwa na sharti moja: leo nimbebe wako, kesho umbebe wangu. Gari halikufika kule. Mgonjwa alifungwa kwenye machela, akafunikwa shuka usoni asikodolewe macho njiani, na wanaume wakapokezana hadi Soni kwenye lori la kwenda hospitali Lushoto.

Mwaka uliofuata Azimio la Arusha, Tobia alisimama mkutanoni akasema ujamaa si kubeba wavivu: nyumba isiyotoa mwanamume wa kubeba haitabebewa mgonjwa. Wanaume wakapiga makofi. Wajane hawakuulizwa.

Rahabu alikuwa mjane. Masika yale binti yake Dorkasi alishikwa na uchungu, mtoto akiwa amekaa vibaya. Rahabu alimpigia Tobia magoti matopeni. Tobia alikuwa akinywa chai.

"Sheria ni sheria, mama," akasema.

Dorkasi alikufa kabla jua halijatua, mtoto yungali tumboni.

Rahabu hakumlaani mtu. Alizunguka kwa wajane wenzake. Wakakata miti, wakasokota kamba, wakajizoeza kuteremka mlima na gunia la viazi juu ya machela.

"Mnakwenda kumzika kiazi?" wanaume waliwacheka.

Kicheko kiliisha wanawake wale walipoanza kuwafikisha wajawazito hospitali, nao wakarudi na watoto mgongoni.

Kisha wana wa Tobia wakaenda Tanga kukata mkonge, na ngiri ya baba yao ikajinyonga, utumbo ukabanwa. Wanachama wake walikuja, wakamtazama akigaagaa.

"Nyumba yako haina mbebaji, mzee. Sharti uliliweka mwenyewe," wakasema, wakarudi mashambani.

Mkewe, Secilia, akakimbilia kwa Rahabu.

"Dada, nakusihi. Hata shuka ya kumfunika nimeleta."

"Tutambeba," Rahabu akasema. "Shuka irudishe nyumbani."

Ilikuwa siku ya soko. Wajane waliingia Soni na Tobia begani, uso wazi, mikono imefungwa pamoja na mwili asije akaanguka. Lori lilikuwa bado linapakiwa kabichi. Rahabu akaamuru machela ishushwe palepale, katikati ya wauza nyanya.

"Jamani, huyu si mwenyekiti?"

"Ndiye."

"Amebebwa na wajane?"

"Muulizeni. Mdomo anao," Rahabu akajibu.

Watu wakasogea, wengine wakiacha biashara zao. Tobia aligeuza uso huku, akakuta macho. Akageuza kule, akakuta macho.

"Rahabu, nifunike, kwa jina la Mungu!"

Rahabu akachutama karibu naye. Alikwishamuuliza mganga wa zahanati: ngiri ikiwahiwa siku hiyohiyo, mtu hupona.

"Ungeniacha tu nife," Tobia akanong'ona.

"Maiti haoni haya, mzee. Wewe nakutaka mzima."

Akawaita wenzake, wakampandisha juu ya kabichi.