Kunguru wa Shaba Ananyolewa

Wagdi aliichukia filamu ile kabla hata haijapigwa picha. Aliichukia alipotajiwa mwigizaji, kwa kuwa kidevu chake hakikufaa. Akaichukia tena lilipoonyeshwa vazi, kwa kuwa shaba yake iling'aa kama sufuria ya bibi harusi. Alikuwa shabiki wa Kunguru wa Shaba, shujaa wa vitabu vya katuni, tangu utotoni, na ushabiki wake ulikuwa wa aina hiyo: kadiri miaka ilivyopita ndivyo alivyopata vitu vingi zaidi vya kuchukia. Mtaani kwao Shubra, jijini Cairo, aliuza miwani. Kwenye simu alikuwa hakimu, na maelfu ya watu wasio na shughuli walingoja kusikia leo anamchinja nani.

Mchumba wake, Inas, alikuwa mwalimu wa chekechea, kwa hiyo uvumilivu alikuwa nao. Lakini wiki ile baba yake alitaka jibu: harusi ipangiwe siku, au kila mtu ashike njia yake. Inas akampigia Wagdi simu.

"Tangu univishe pete sijakusikia ukisifu kitu. Chakula cha mama kina chumvi. Mwimbaji ninayempenda anabweka. Hata taa za Ramadhani ulizinunia! Basi nipeleke kwa huyo Kunguru wako. Nikuone umependa kitu, mara moja tu, halafu nimjibu baba."

"Na nisipoipenda?"

"Basi na mimi utanichoka kabla rangi ya nyumba haijakauka."

Wagdi alicheka, lakini tiketi alizikata siku hiyo hiyo. Alimpenda Inas. Hilo inabidi lisemwe hapa, maana yeye mwenyewe hakuwahi kulisema vizuri.

Siku ya filamu alikwenda kunyoa. Baba yake alikuwa kinyozi, na tangu mzee afe, majira ya baridi yaliyopita, Wagdi alikuwa akijinyoa mwenyewe, tena vibaya. Safari hii aliingia kwa kinyozi asiyemjua. Yule bwana alinyoa huku akigombana na simu, akamfuta povu shingoni na kuita mwingine, bila hata kusema "naiman", neno ambalo hata adui humwambia mtu aliyetoka kunyolewa. Wagdi alitoka akimdharau.

Sinema walikwenda watatu, kwa sababu msichana ambaye pete yake ingali mkono wa kulia, haijahamia kushoto kwa ndoa, haketi gizani na mwanamume peke yake. Mama mdogo wa Inas, Fikriya, alikaa katikati, akiwa na mfuko wa mbegu za boga na pakiti ya karatasi laini za kufutia pua.

"Mwanangu, huyu Kunguru anaruka au anatembea?" aliuliza.

"Anaruka, mama. Ila kwenye vitabu vya katuni haruki mchana, na hawa watamrusha mchana kutwa."

"Basi leo atachoka," alisema Fikriya, akatema ganda.

Filamu ilianza. Majengo yalianguka. Majengo mengine yakaja kuyaangukia yale yaliyokwisha kuanguka. Adui alieleza mpango wake wote kwa kirefu, kama mtu aliyekwama kwenye foleni ya benki. Wagdi alipumua kwa nguvu ili watu wajue hajadanganyika, na kila kosa alilinong'ona kwa Inas juu ya ushungi wa Fikriya, hadi mama huyo akamwambia anyamaze au abadilishane kiti na mfuko wa mbegu.

Wakati wa mapumziko alitoka ukumbini, akajirekodi kwenye simu. "Ndugu zangu," alisema, "nimeona nusu, na nusu nyingine mbwa wangu angeweza kuiandika. Mtu atakayeguswa na takataka hii akapimwe kichwa." Hakuwa na mbwa. Sifa zilianza kumiminika papo hapo: umewamaliza, ustadhi! Alirudi kitini akijisikia mrefu.

Nusu ya pili ilianza kwa utulivu. Kunguru wa Shaba alikwenda kumwona baba yake, mzee aliyepoteza kumbukumbu, aliyewahi kuwa kinyozi. Mzee hakumtambua mwanawe. Alidhani ni mteja. Akamkalisha, akampaka povu kwa mikono inayotetemeka, akashika wembe. Kwa kuwa ngozi ile haikatwi na chuma, wembe ulipita tu juu ya povu bila kuondoa hata unywele mmoja. Yule jitu aliyekuwa akibeba madaraja alitulia, akainua kidevu, akamwacha mzee afanye kazi yake. Mzee akamfuta shingo, akarudi nyuma kuitazama kazi, akatamka neno kwa Kiingereza. Chini ya picha, mtafsiri fulani wa Cairo, ambaye Wagdi alikuwa akiwatukana wenzake kwa miaka, aliandika kwa Kiarabu: Naiman.

Wagdi alilia. Hakudondosha chozi la kistaarabu, la hasha. Alilia kwa mabega na kwa pua, kwa namna ambayo hakulia hata siku walipomzika baba yake. Vitabu vyake vya kwanza vya katuni alivisoma dukani kwa baba huyo, miguu haijafika chini, nywele za wateja zikimwangukia kurasani. Fikriya alimwekea karatasi laini mkononi, kisha nyingine. Inas aliinama mbele, akamtazama kwa mwanga wa picha, na uso wake ukalainika kwa furaha. Jibu la baba alikuwa amelipata.

Walipotoka waliingia duka la kushari. Mabakuli yalikuja, wali na dengu na makaroni, kitunguu cha kukaanga juu. Inas hakugusa kijiko. Alikuwa akitabasamu.

"Haya," alisema. "Nieleze."

Simu ya Wagdi ilitetemeka mezani. Ilikuwa ikitetemeka tangu walipotoka: ustadhi, tunangoja nusu ya pili, wamalizie! Aliitazama simu, akamtazama Inas, kisha akaigeukia tena simu.

"Upuuzi mtupu," alisema.

"Na pale kwa kinyozi?"

"Pale ndipo pabaya kuliko pote. Kwenye katuni baba yake alikufa kabla hajapata mabawa, kila mtoto anajua hilo. Wamemfufua ili kuwakamua machozi wajinga na mashangazi."

"Mimi shangazi wa nani?" aliuliza Fikriya, mdomo umejaa. "Na nani aliyemaliza karatasi zangu?"

"Wagdi," Inas alisema polepole, "ulilia."

"Vumbi. Viti vyao havijafutwa tangu enzi za mfalme."

"Nilikuona. Sikucheki. Niambie tu kwamba ulilia, basi."

Alimpa muda. Alimpa muda mrefu kuliko alivyostahili. Wagdi alikuwa bado amekunja ngumi juu ya zile karatasi zilizolowa, na neno lenyewe lilikuwa limemfika kooni. Simu ikatetemeka tena.

"Nimeshakwambia ni vumbi," alisema.

Inas alivua pete ya mkono wa kulia, akaiweka kando ya bakuli la pilipili. Hakupaza sauti.

"Yule aliyekuwa amekaa gizani, ningemhamishia pete hii mkono wa kushoto kesho asubuhi. Wewe sikujui, na sina hamu ya kukujua."

Fikriya alisimama, akalisukuma bakuli lake mbali. "Heri mbegu zangu," alisema. "Zina moyo ndani."

Walipofika mlangoni Inas aligeuka. Mwanga wa taa za duka ulimwangukia Wagdi usoni, na hapo ndipo alipoona mashavu yake laini na mkwaruzo mdogo wa wembe chini ya sikio.

"Kumbe umenyoa leo," alisema. "Naiman, Wagdi."

Anayeambiwa naiman hujibu "Mungu akuneemeshe". Wagdi alilijua jibu hilo kabla hajajua kusoma. Alifundishwa na baba yake, akiwa amesimama juu ya kigoda dukani. Alifungua mdomo.

"Hilo neno mtafsiri alilichomeka tu," alisema. "Kwenye Kiingereza halimo."

Inas alitikisa kichwa, akamshika mama yake mdogo mkono, wakaondoka.